Mdhamini wa Fundi Bomba

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi tena. Juzi nilipokukatia simu nilibaki nimeishika mkononi, naitazama kama mtu aliyempiga mtoto wa watu. Kwenye karatasi angalau hakuna wa kumkatiza mwenzake.

Nianze na lile lililotugombanisha. Ulisema nimepotezwa na watu wa mtandaoni. Mwanangu, mimi sijapotezwa na mtu. Tangu baba yako atangulie, na wewe ukahamia huko kazini, nyumba hii ilikuwa inanijibu kwa sauti ya cherehani tu. Sasa nikiamka nafungua simu nakuta watu wameshaamkiana. "Nguzo za Nyumba, mmeamkaje?" Huyo ni Afande, ndiye admini wa kundi, polisi mstaafu, hataki mtu aanze hoja kabla ya salamu. Halafu Mwalimu analeta jambo la siku, tunajadili. Leo kodi ya vibanda, kesho somo la maadili wanalotaka kuliondoa shuleni. Na mimi wa darasa la nne naulizwa, "Mama Cherehani unasemaje?" na watu wananyamaza wakingoja. Nani mwingine duniani anangoja neno langu?

Tunajiita wahafidhina. Neno lenyewe nimelijua humo humo. Mwalimu alieleza kuwa ni watu wanaotunza kilichopo kabla ya kukimbilia kipya, nikasema basi nimekuwa hivyo siku zote, maana mimi hata gauni nabana pini kwanza ndipo nikate.

Na mswada wa makao ya wazee tunaupinga, sikufichi. Serikali inataka kujenga nyumba za wazee kila mji, sisi tunasema mzazi ana mtoto, na mtoto ana nyumba, basi. Najua wewe kazi yako ni kwenye nyumba ya namna hiyo, unawaogesha watu na kuwalisha kwa mikono yako. Sikusema wewe ni mbaya. Nilikuwa nasema ya serikali, wewe ukasikia yako.

Nimekushonea aproni za kazini. Ile ya bluu mfuko umekaa upande, taa ya chumba cha kushonea imechoka, nitaibadilisha. Usiivae watakucheka, vaa ya kijani. Na ule vizuri.

Mama yako


11 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Barua na aproni vimefika. Nimevaa ya bluu, na hakuna aliyecheka isipokuwa Bibi Redio, yule mzee wetu anayejibu taarifa ya habari kama anaongea na mtu. Amesema mfuko umekaa upande ili mkono wa kushoto usione wivu.

Nisamehe kwa lile neno la kupotezwa. Nilikuwa nimechoka.

Lakini mama, barua yako inaanza juu ya mstari, ikifika katikati imepanda kilima, mwishoni maneno yamekaliana. Wewe ndiye uliyekuwa unanifinya sikio nikiandika nje ya mstari. Macho yanaonaje? Bibi, mama yako, alianza hivi hivi, naye alisingizia taa mpaka siku alipomwaga maji nje ya bakuli akidhani anamwaga ndani. Hospitali ya macho si iko hapo hapo mjini kwako? Kupima ni kuweka kidevu tu kwenye mashine. Hawachomi, hawakati.

Huku kumetulia. Kitanda cha dirishani kimebaki wazi, yule babu aliyekuwa anakilalia amechukuliwa na wanawe. Asubuhi jua linaingia mpaka kwenye mto. Nilikaa pale na kikombe cha chai nikakukumbuka, jinsi unavyopenda jua.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Macho yangu ni mazima. Kalamu ndiyo mbovu, na meza inayumba.

Kuhusu hicho kitanda cha dirishani, nimekielewa. Sina elimu lakini si mjinga. Kama jua linaingia hapo, liache lilale lenyewe. Wiki iliyopita mtu mmoja alileta kundini habari kwamba mswada ukipita magari yatapita mtaani kukusanya wazee. Afande aliifuta pale pale, akasema habari isiyo na mwenyewe hailali humu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaisoma, na tangu siku hiyo gari kubwa likisimama nje namwacha mteja na pini mdomoni nakwenda kuchungulia. Halafu inakuja barua yako na kitanda. Mambo ya kitanda tusiyaongee tena, tafadhali.

Nikupe ya kuchekesha. Kundini kaja mtu mpya anajiita Fundi Bomba. Sasa Afande hapokei mtu hivi hivi. Mgeni lazima adhaminiwe na mwenyeji, na mgeni akigundulika amedanganya yeye ni nani, wanatoka wote wawili, yeye na mdhamini wake. Huyu bwana hakuwa na mtu. Ombi lake lilikuwa la adabu, limekaa pale siku nzima kama mtoto aliyesahaulika shuleni, nikamwonea huruma, nikaweka jina langu. Mwalimu akaniandikia pembeni, "Unamjua?" Nikamwambia adabu inatosha.

Basi kazi yake ni kubishana na mimi. Anautaka mswada. Kauliza, je, mzee ambaye watoto wake hawaji? Mwalimu kamjibu maneno ya kujaza gazeti. Mimi nikasema hao watoto ndio wa kushughulikiwa, siyo kumhamisha mzee. Akasema, "Na mzee anayewaficha watoto hali yake, watakujaje?" Nikatuma picha ya ua.

Ila ufundi wake una walakini. Bomba langu la jikoni linadondoka, nikamwuliza pembeni nifanyeje, ananiambia, "Mama, mwite fundi." Nikamwambia si ndiyo nimekuita? Tulicheka sana. Siku hizi tunaongea pembeni karibu kila siku. Ni mtu msikivu. Nahisi amefiwa na mkewe.

Mama yako


2 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Sijaelewa kwa nini kitanda kimekukasirisha, lakini nimekiacha kama ulivyotaka.

Naandika haraka kabla ya zamu. Mama, nakuomba uache kupiga pasi. Mkono ukishaungua mara moja utaungua tena, kwa sababu pasi huioni ikiwa upande wa kushoto. Na hiyo hali ya kuona kama pazia limevutwa pembeni haitaondoka kwa kubadilisha taa. Nimemwuliza daktari anayekuja kuwaona wazee wetu. Anasema inasikika kama presha ya jicho. Huenda ndiyo iliyompofusha Bibi, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Haiumi, ndiyo maana watu wanaichelewesha. Kilichokwisha kupotea hakirudi, mama, lakini kilichobaki kinaokolewa ukiwahi. Kila wiki unayongoja inaondoka na kipande.

Niruhusu nije nikupeleke. Sema neno moja tu.

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Nani kakwambia habari za pazia?

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi. Mkono ulioungua sikukuandikia. Nimerudia kichwani kila nilichokuandikia, hakuna mkono wala pazia. Jirani hajui, navaa mikono mirefu. Mteja hajui. Nilimwambia mtu mmoja tu, na huyo ni Fundi Bomba, naye hakujui.

Au mnajuana? Amekutafuta? Mwanangu, kama kuna mwanamume amekuja huko kazini akisema ametumwa na mimi, usitoke naye hata getini. Mimi ndiye niliyemwingiza kundini. Nilimwonyesha picha yako ya siku ya kwanza kazini, ya sare, nilikuwa najisifu. Sasa naikumbuka ile picha, nyuma yako kuna kibao cha mahali unapofanya kazi.

Na amenyamaza. Wiki nzima hajaandika kundini wala pembeni. Nikigeuka huku nawaza ni mgonjwa, yuko peke yake sakafuni na hakuna wa kumpa maji. Nikigeuka huku nawaza ni tapeli, kapita kwa jina langu, na sasa anakuzunguka wewe. Leo nimempima mteja kiuno mara mbili nikapata viuno viwili. Akaniuliza, "Mama, nimenenepa nikiwa nimesimama hapa?" Nikacheka naye, nikampima mara ya tatu.

Utauliza kwa nini nilimwambia yeye nisikwambie wewe. Kwa sababu ni mgeni. Mgeni hana kitanda cha kukulaza.

Nijibu upesi. Nataka kumwambia Afande amtafute kwa njia za kipolisi, lakini nikisema nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe kundini. Nijibu kwanza wewe.

Mama


15 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Hakuna tapeli. Hakuna mtu mgonjwa sakafuni. Fundi Bomba ni mimi.

Nimeandika hilo kwanza ili usiendelee kuogopa. Sasa nikasirikie, lakini usome mpaka mwisho.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliumia. Ulisema hakuna mwingine duniani anayengoja neno lako. Nikataka kuwaona hao watu ni akina nani. Jina nililichukua kwa sababu siku hiyo choo cha wodi kilikuwa kimeziba na nilikuwa namngoja fundi. Nilidhani Afande atanikataa yaishe. Halafu nikaona umeweka jina lako. Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Sikutoka, kwa sababu ulinisalimia vizuri sana, mama. Ulisema, "Karibu mwanangu, usiogope, hawa wanabweka hawaumi." Mimi mwenyewe ulikuwa hujaniambia "usiogope" siku nyingi.

Nilikuja kupigana. Nikakuta watu wanaulizana hali, wanachekana, wanatetea wazazi wao. Bado nautaka mswada. Hapa kwetu kuna mzee ana watoto wengi na wote wanamtumia salamu, hakuna anayekuja, na bila nyumba hii angelala wapi? Lakini sasa nikimsoma Mwalimu naelewa anachokiogopa, na siku nyingine nakubaliana naye nikiwa kimya.

Kisha ukaanza kumwambia Fundi Bomba habari za jicho. Pazia, pasi, sindano iliyopita kwenye kidole. Nilikuwa nayasoma hayo chumba cha kubadilishia nguo. Kila ulichompa yeye ulikuwa unaninyima mimi, na nilishindwa kuendelea kukujibu kwa sauti ya mwanamume asiyekuwepo. Ndiyo maana nilinyamaza.

Na kitanda, mama, kilikuwa kitanda tu. Nilikuwa nakukumbuka.

Usimwambie Afande. Nitajitoa kimyakimya, hakuna atakayejua, na wewe utabaki na watu wako. Ninachoomba ni hospitali.

Mwanao


21 Aprili

Nimesoma mpaka mwisho.

Uliniacha niongee nikiwa uchi, na wewe umekaa nyuma ya mlango. Nilimwombea dua yule mtu. Nilimwombea apate mke.

Usije. Usipige simu. Nikiwa na la kusema nitaandika.


6 Mei

Kwa binti wa Mama Cherehani,

Salamu kwanza. Mimi ni msimamizi wa kundi la Nguzo za Nyumba, wananiita Afande. Anwani yako nimeipata kwa mama yako, baada ya kumwambia kwamba nisipokuandikia mimi hakuna atakayekuandikia. Ndipo akanipa.

Jumapili mama yako aliandika mbele ya kundi zima kwamba Fundi Bomba ni binti yake, kwamba yeye hakujua alipomdhamini, lakini kanuni ni kanuni, kwa hiyo anatoka kabla hajatolewa. Nilitaka kumzuia. Kabla sijamaliza kuandika akaongeza maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Nimewafundisha ninyi habari za mzazi na mtoto, huku wangu nimemficha kwamba sioni. Mnisamehe." Kisha akatoka. Kundi likakaa kimya mpaka jioni. Hilo halijawahi kutokea tangu nilianzishe, hata siku ya uchaguzi.

Baadaye wapo waliokutukana. Nimeyafuta. Lakini binti, ulikosea. Mtu haingii nyumba ya watu na kofia ya mwingine, hata kama ndani yumo mama yake. Sitakurudisha, na hoja zako kuhusu mswada bado ni dhaifu, ingawa ile ya watoto wasiokuja imenikaa. Mimi mwenyewe nina baba, yuko kwa dada yangu, na sijaenda kumwona tangu mvua za mwaka jana.

Mke wa Mwalimu anaishi mtaa wa pili kutoka kwa mama yako. Hatukumtuma, alivaa viatu akaenda. Alimkuta anashona pindo kwa kupapasa, mwanga wote wa mchana ukiwa dirishani. Walizozana, nasikia, mpaka chai ikapoa. Kesho yake wakaenda pamoja kupima macho.

Majibu ni yake kukwambia, siyo yangu. Najua unataka kupanda basi leo. Nakuomba usifanye hivyo. Ukifika bila kuitwa atakufungulia mlango, lakini ataona umekuja kumchukua. Ngoja akuite. Nafahamu kwamba muda unakula jicho, na naliomba hili nikiwa na wasiwasi kama wewe.

Afande


8 Mei

Kwa Afande, shikamoo.

Nimepokea. Nimekosea, sina utetezi.

Nitangoja, lakini mkoba wangu uko mlangoni na zamu zangu nimeshaomba wenzangu wazishike. Ikipita wiki ijayo bila neno, nitakuja hata kama atanifukuza. Mwambie mke wa Mwalimu namshukuru sana. Amwangalie anaposhuka ngazi, upande wa kushoto.

Na nenda ukamwone baba yako. Hilo nalisema kwa jina langu.

Binti wa Mama Cherehani


13 Mei

Mwanangu,

Naandikia kwenye benchi la hospitali ya macho. Karatasi nimeiomba kwao, ukigeuza ukakuta mchoro wa jicho usishangae.

Hasira haijaisha, imekaa chini tu. Nilirudi kusoma yote niliyomwandikia yule Fundi wako. Niliyakuza maandishi mpaka neno moja linajaza kioo cha simu, nikasoma neno, nikavuta, nikasoma neno. Niliona aibu, halafu nikaona kingine. Yeye aliniuliza, "Unaogopa nini hasa?" Nikamjibu kwamba naogopa kuwa kama mama yangu, aliyekalishwa pembeni ya jiko watu wakimzunguka kama gunia la unga. Wewe kwa jina lako hukuwahi kuniuliza hivyo. Na ungeniuliza ningekata simu. Basi kosa tugawane, nusu yako nusu yangu, tusipimiane.

Kundini wanataka nirudi. Afande anasema nipumzike kwanza halafu nitaombewa upya kama mgeni, nami nitafutiwe mdhamini, mimi niliyewakaribisha nusu yao. Tumecheka na mke wa Mwalimu mpaka nesi akatutazama. Mswada umesogezwa mbele. Bado naupinga, usidhani huko nako nimekwenda kutibiwa.

Daktari ni msichana, sura yake kama ametoka shule jana, lakini mikono yake haina papara. Amesema jicho la kushoto limeondoka sana, na lililoondoka ndiyo basi. La kulia linaokolewa. Watalifanyia upasuaji Alhamisi, halafu ni dawa ya matone kila siku, maisha yote. Nikitoka nisiiname, nisibebe ndoo, nisishone mpaka waseme. Na siku za mwanzo sitaona mbele, jicho zima litakuwa limefungwa, hilo bovu ndilo la kuongozea njia.

Nikasema sawa. Nilijiona jasiri. Ndipo nesi akashika kalamu akauliza, "Mama, ukitoka hapa nani atakutunza?"

Mwanangu, swali hilo nimelijibu kundini mara ngapi. Nimelijibu kwa herufi kubwa. Nimekujibu hata wewe ulipokuwa na ndevu za Fundi Bomba. Sasa nesi anangoja, kalamu iko juu ya karatasi. Niliwaambia watu wote hao kwamba mzazi ana haki kwa mtoto wake, kumbe mwenyewe sijawahi kumwomba. Ningesema jirani. Ningesema najitunza. Mke wa Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo aseme, "Mimi," nikamshika mkono.

Nikasema, "Ninaye binti."

Nesi akauliza, "Anajua?"

Nikamwambia ndiyo kwanza namwandikia.

Mke wa Mwalimu amesimama hapa ananingoja, anaipeleka barua hii kwenye basi la mchana ili ikufikie kesho. Sijui kuomba vizuri, nilizoea kukuagiza tu. Usije kwa ajili ya maneno niliyokuwa nayaandika kule, wala usije kama unavyokwenda kazini. Njoo kwangu. Fika Jumatano, ulale chumba cha pili, mlango uuache wazi nikusikie ukikohoa.

Naogopa sana, mwanangu. Njoo.

Mama yako